Ndege wa Mtungi

Mtungi ulipasuka vipande tisa. Samira alivihesabu mara mbili, kana kwamba kuhesabu kungeviunganisha.

Ulikuwa wa bibi yake, Bi Rosaura, Mperu aliyeolewa na baharia wa Tanga akazeekea mtaa wa Troyeville. Mtungi wa matumbo mawili: ukiuinamisha, maji yanahama tumbo moja kwenda jingine, na ndege wa udongo aliyekaa shingoni anapiga mluzi.

"Umetoka kwa bibi wa bibi yangu," Bi Rosaura hupenda kusema. "Atakayeulinda ndiye nitakayemwachia kibao na jiwe langu la kufinyangia."

Samira alivitaka kibao na jiwe kuliko kitu chochote. Na sasa Bibi alikuwa Durban kwa wiki mbili, na yeye alikuwa anafagia tu, chini ya meza ya mtungi, ile yenye mguu mfupi inayoyumba ukiigusa, kama alivyoagizwa.

"Eish, umekwisha," alijiambia.

Bahati, kwenye ndoo Bibi alikuwa ameacha udongo uliokwisha kukandwa, wa kutosha mtungi mmoja. Samira akafinyanga: jiwe ndani, kibao kikigonga nje, pole pole, kama alivyofundishwa. Akaukausha kivulini siku kumi. Akauchoma uani, ndani ya pipa, kwa vumbi la mbao. Vipande vya ule wa zamani akavifunga kwenye kanga na kuvisukuma chini ya kitanda.

Ndege wake alipiga mluzi mnene. Yule wa zamani alikuwa na sauti nyembamba.

Bibi alirudi Jumamosi asubuhi. Hata koti hakuvua. Aliutia mtungi maji, akauinamisha, akafumba macho.

"Huyu ndege ana mafua," alisema.

Samira akaungama: "Bibi, nisamehe. Niliuvunja." Akaenda kuileta kanga, machozi yakimdondoka juu yake.

Bibi aliipokea, akafungua sanduku la marehemu mumewe. Mlikuwa na vifurushi vitatu vya vigae, kila kimoja na kitambaa kilichochakaa kuliko cha mwenzake. Akaiweka kanga juu yake.

"Ulioufunga humu niliufinyanga mimi," alisema. "Nilipouvunja wa mama. Akaniambia ndege wangu analia kama panya."

Akamkabidhi kibao, kisha jiwe.

"Na ule mguu wa meza," alisema, "usije ukautengeneza."