Chiriku na Kura za Kisimani

Fisi ndiye aliyekuwa mlinzi wa kisima, na kwa miaka mingi wanyama wadogo walikunywa tope lililobaki baada ya jamaa zake kushiba. Uchaguzi ulipowadia, Chiriku alizunguka kote akimpigia debe Pofu, mnyama wa jamii ya swala, achukue ulinzi huo. Wadogo walimwamini, kwa kuwa hakuwahi kuwadanganya.

Asubuhi ya kura, Mbweha alimvuta Chiriku kando. "Ndugu yangu, mnajisumbua bure. Kibuyu cha kura kimeshajazwa vijiwe vyeusi vya Fisi."

"Umekiona?"

"Nani asiyejua?"

Chiriku alipandwa na hasira hata asiende kutazama. Aliruka shimo hadi shimo akitangaza, "Wameshatuibia. Msijichoshe na jua." Sungura wakabaki mashimoni, digidigi wakajilalia vichakani.

Jioni kibuyu kilimwagwa mbele ya wote. Vijiwe vilikuwa vichache. Vyeusi vililingana na idadi ya fisi waliofika kupiga kura, na cheupe kilikuwa kimoja tu, cha Pofu mwenyewe.

"Mlikijaza nyinyi," Chiriku alisema.

"Tukijaze kwa nini?" Fisi alijibu kwa upole. "Wenzako uliwazuia wewe. Ahsante, mwanangu."

Chiriku alirudi vichakani akawaeleza wenzake kila kitu, bila kujitetea. Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha mama digidigi, aliyekuwa akiwachujia wanawe tope, akamuuliza taratibu, "Na hili nalo tuamini kwa sababu gani, Chiriku?"