Supu ya Samaki ya Kaija

Kaija alipoinama kuosha samaki, Bathsheba alitoka jikoni polepole, akafunga geti kwa kufuli na kuuficha ufunguo kifuani.

"Akitaja ndege tu," alimnong'oneza shemeji yake Omwenga, "usimwache amguse mtoto."

Omwenga, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, aliitikia kwa kichwa.

Kaija, Mzungu huyo aliyekuwa jikoni, alikuwa mjane wa Ochoki, mwana wa pekee wa Bathsheba. Ochoki alikwenda Ufini kusoma, akaoa huko, akafa huko kwa ajali ya gari, na huko huko wakamzika. Nyumbani Kebirigo alikuwa ameacha binti, Moraa, aliyezaliwa kabla hajasafiri. Mama yake Moraa aliolewa kwingine, na Bathsheba ndiye aliyemlea mtoto hadi sasa alipofika miaka tisa.

Kisha Kaija akapiga simu. Kiswahili alifundishwa na mumewe, na kilikuwa na lafudhi ya Kikisii kabisa.

"Mama, nakuja na binti yangu Aino. Nataka watoto wa Ochoki wakue pamoja."

Tangu siku hiyo Bathsheba hakupata usingizi wa maana.

"Huyo hana mama, hana dada, alilelewa na serikali," Omwenga alikuwa amemwambia. "Ndiyo maana anatafuta mtoto wa wenyewe."

Na sasa mgeni alikuwa jikoni kwake, akipika chakula cha kwao kana kwamba yeye ndiye mwenyeji. Samaki alikuwa mbuta wa ziwani, aliyemnunua mjini Kisii asubuhi. Alichemsha viazi na vitunguu, akatia minofu, akamwaga maziwa. Mwisho alinyunyiza majani makavu aliyokuja nayo, aliyoyaita tilli.

"Koroga wewe, Mama," alisema, akimpa mwiko. "Taratibu. Samaki asivunjike."

Bathsheba alikoroga.

"Majani haya yanapatikana hapa?" Kaija aliuliza.

"Labda dukani kwa Ruchi, pale Kisii. Wahindi wana viungo vya kila aina."

"Na maziwa? Kila siku? Hata wakati wa kiangazi?"

Bathsheba alihisi uso unamwaka. Anachunguza tunavyoishi, aliwaza. Anatafuta sababu.

"Mjukuu wangu hajawahi kulala njaa," alijibu.

Kaija aliinamisha macho, akaanza kukanda unga. Kwao hutumia unga mweusi wa nafaka nyingine, alisema, lakini leo alitaka kujaribu unga wa wimbi wa hapa, ukichanganywa na ngano kidogo. Alisukuma vimkate vyembamba, akaweka wali wa maziwa katikati, akabana kingo kwa vidole, kisha akamwachia Bathsheba abane vilivyobaki. Walivioka ndani ya sufuria yenye makaa chini na juu ya kifuniko. Mara kwa mara Kaija aliacha kazi, akashika ukuta na kuvuta pumzi.

Moshi umemshinda, Bathsheba alijiambia bila huruma.

Walikula mchana, mlango ukiwa wazi. Moraa na Aino walikaa kwenye benchi moja, na paji lao la uso lilikuwa lile lile la Ochoki. Aino, wa miaka sita, tayari alikuwa akimwita Bathsheba "Magokoro", bibi kwa Kikisii. Mtu alikuwa amemfundisha vizuri.

Moraa alionja kijiko kimoja kwa wasiwasi, kisha akamaliza bakuli zima.

"Magokoro, ni tamu! Niongeze!"

Aliuma kimkate kilichopakwa siagi na mayai ya kuponda, akafumba macho kwa raha. Omwenga, aliyeapa kwamba hataonja, alikuwa akifuta bakuli lake kwa kimkate kingine. Hata Bathsheba alijikuta akimeza kwa hamu, ule uvuguvugu wa maziwa na samaki ukimshuka kifuani, na akaukasirikia ulimi wake. Hivi ndivyo wanavyowavuta watoto, aliwaza.

"Mtoto akiumwa," Kaija alisema, "mpe supu hii bila samaki. Humpa nguvu. Usisahau, Mama."

Bakuli lake mwenyewe lilikuwa bado limejaa.

"Unaondoka lini?" Omwenga aliuliza ghafla.

"Kesho kutwa. Ndege ni ya jioni."

Bathsheba aliweka kijiko chini.

"Moraa, mpeleke mwenzako uani mkacheze."

Watoto walipotoka, alisimama kwa nguvu hata kiti kikaanguka. Omwenga naye akainuka, akaziba mlango.

"Nisikilize, Kaija." Bathsheba alisema. "Ochoki mlimchukua, na hata kaburi lake sijaliona. Nilinyamaza. Lakini huyu hamtamchukua, hata mkija na polisi. Moraa haendi nawe popote!"

Kaija alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua.

"Moraa?"

Kisha macho yake yakajaa machozi. Alinyoosha mkono juu ya meza, akaushika mkono wa Bathsheba.

"Hapana, Mama. Narudi peke yangu. Madaktari wamesema hakuna dawa nyingine ya kuniponya. Nimekuja kukufundisha kumpikia Aino."