Tarehe Ukutani

Mkaguzi wa majengo aliyatazama maandishi mekundu ukutani: SIMAMISHA UJENZI, LETA KIBALI.

"Hii si kazi yetu," alisema. "Sisi huweka tarehe. Nani kaandika?"

Kando ya ukuta, Dzifa aliizamisha mikono kwenye beseni la unga wa mahindi uliokandwa wa kupikia madonge ya kenkey. Ukucha mmoja ulibaki nje, mwekundu kwa rangi ileile ya ukutani. Mkaguzi akauona.

Shemeji yake Dzifa, aliyekuwa akijenga duka kwenye kiwanja cha marehemu mumewe, akaangua kicheko. "Shemeji, umeumbuka! Haya mafundi, rudini kazini!"

"Ngoja kwanza, bwana," mkaguzi akamzuia. " Kibali chako kiko wapi?"

Kicheko kikakatika.

Mkaguzi alifungua kopo lake la rangi, akachovya brashi, kisha akamgeukia Dzifa.

"Dada, leo tarehe ngapi?"