Watoto wa Zafarani

Asubuhi ile kibao cha shaba chenye maandishi ya daftari la amana kilikuwa kimezinduliwa kwenye ukuta wa benki ya zamani, mahali ambapo watumwa walioachwa huru waliweka akiba yao ya kwanza. Bi Mkasi, ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, alimwomba mlinzi Msellem amsomee.

“Wasiojua kuandika waliulizwa majina ya jamaa zao, Bibi, ili watambulike wakirudi kuchukua akiba. Huyu ni Zafarani, dobi. Amana yake rupia moja. Watoto…” Msellem akaondoa kidole kwenye mstari.

“Soma, baba. Au umelipwa usome nusu?”

“Watoto: Songoro, Mabruki, na Tufaha mwenye vidole sita mkono wa kushoto. Wote waliuzwa. Yeyote atakayekuja, apewe yote.”

Bi Mkasi aliegemea ukuta. Tufaha wa vidole sita alikuwa bibi yake, aliyekufa akiamini kwamba mama yake alimsahau.

“Rudia hapo mwisho.”

Msellem alirudia mara tatu, kisha akauongoza mkono wa Bi Mkasi hadi kwenye herufi zenyewe. Nyuma yao foleni ya waliokuja kukiona kibao ilikuwa imerefuka. Hakuna aliyemharakisha; mtu wa kwanza kwenye foleni aliinama, akaanza kuvua viatu kama anayeingia msikitini.