Anayemlipa Honi

Honi alikuwa akimbwekea nani? Chumbani kwa babu hamkuwa na panya, wala mgeni, wala kivuli dirishani. Hata hivyo mbwa alibweka tena, na nyumba nzima ikatimua mbio: mama aliacha cherehani katikati ya pindo, baba akatoka bafuni na povu kidevuni, na binti yao, aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu, akatupa kalamu.

Walipoingia, Honi alinyamaza, akatikisa mkia. Babu alikuwa kitandani, akiwaangalia mmoja mmoja. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono mmoja unaotii, na sauti kikaichukua yote.

“Maskini, hata kupumzika hapumziki,” mama alisema, akimwekea mto sawa. “Afadhali siku hizi anamaliza biskuti zake.”

Mjomba alisimama mlangoni, akizungusha funguo za gari kidoleni. Alikuwa amekuja kumchukua mbwa.

“Dada, nipe mimi. Kiwandani kwangu atabweka mpaka koo likauke. Na mzee mwenyewe alikuwa mkufunzi wa mbwa wa walinzi! Angekuwa na sauti, angemnyamazisha kwa neno moja.”

“Mjomba, ningoje kidogo tu,” binti alisihi. “Ninamfundisha kunyamaza.”

“Wewe? Simu yako yenyewe imekushinda kunyamazisha! Haya, nikimaliza chai tunaondoka.”

Binti alikuwa amefuata ushauri wa daktari wa mifugo: hakumfokea Honi, na kila aliponyamaza alimpa kipande cha nyama. Getini sasa alinyamaza. Uani alinyamaza, hata paka wa jirani alipompitia puani. Chumbani kwa babu pekee ndipo somo lilipopotea.

“Mbwa hurudia jambo linalomlipa,” daktari alikuwa amemwambia. “Usimchunguze mbwa. Mtafute anayemlipa.”

Basi wenzake walipotawanyika, yeye alizunguka uani, akajibanza kando ya dirisha la babu.

Cherehani ilianza kunguruma. Maji yakamwagika bafuni. Sebuleni mjomba alikuwa akicheka na mtu kwenye simu. Honi alikuwa amejilaza sakafuni, kimya kabisa, na babu aliutazama mlango uliofungwa. Aliutazama kwa muda mrefu, mpaka binti akahisi miguu ikimfa ganzi.

Kisha ule mkono unaotii ukapenya taratibu chini ya mto, ukatoka na biskuti. Kidole kimoja kikainuka.

Honi akabweka.

Biskuti ikaanguka, ikamezwa. Vishindo vya miguu vikaja mbio ukumbini, na babu akaugeukia mlango, akitabasamu.

Binti aliingia wa mwisho.

“Honi haendi popote,” aliwaambia. “Mjomba, weka funguo, unisaidie kubeba. Meza yangu ya kusomea inahamia humu leo, na cherehani ya mama pia.”