Chombo cha Kwenda Neptuni

Saa nane na dakika kumi mchana, Juni 1995, fundi alifungua gunia mbele ya darasa la fizikia pale Kibiti. Kitu cha kwanza kuonekana kilikuwa mkuku, ule mti wa chini unaokata maji.

Mwalimu Winifrida aliutazama. Alikuwa ameagiza mfano wa chombo cha anga. Waamuzi wa maonyesho ya sayansi walikwishafika meza ya jirani, na mshindi mmoja tu angekwenda Dar es Salaam.

"Fundi, hii ni mashua."

"Ni chombo, Mwalimu. Karatasi yako imesema chombo kidogo, chepesi, cha bei nafuu, kisicho na mtu ndani, cha kwenda Neptuni. Hapo pa kutokuwa na mtu nilipata mashaka, lakini kazi ni kazi."

"Neptuni ni sayari."

"Mie nilidhani iko mbele ya kisiwa cha Mafia."

Winifrida akakiweka kwenye mizani: kilo nne na robo. Kikomo alichoandika mwenyewe kilikuwa kilo tano. Akatwaa kifuniko cha sufuria, akakifunga mahali pa mlingoti kiwe antena.

Mwamuzi akafika, kalamu mkononi. "Kitachukua muda gani kufika?"

"Miaka kumi na miwili," akajibu Winifrida, kwa kuwa ndiyo hesabu yake.

Fundi akageuka. "Kumi na miwili majini? Mwalimu, ungeniambia mapema."

Akapiga magoti, akachovya kitambaa katika mafuta ya papa ya kuzuia maji, akaanza kukipaka chombo upya ubavuni.

Mwamuzi akasogeza kiatu chake, akaandika: Uimara, kumi kwa kumi.