Tangulia Wewe

Kila nyumba iliyo karibu na uwanja mdogo wa ndege, ule usio na mnara, ilipewa redio ya ukutani na zamu ya kuamua nani atue kwanza. Ndege zilijiendesha zenyewe. Kuongea zilijifunza kwa watu wa hapo, na adabu zao zilishapitiliza.

Leo zamu ilikuwa ya Sekela, na ndizi zake zilikuwa zinaungua.

"Tangulia wewe," ilisema ndege ya mashariki.

"Hapana, mkubwa wangu, tangulia wewe," ikajibu ya magharibi.

Alishaiambia ya mashariki itangulie. Ikashukuru, ikaomba radhi, ikasema haiwezi kumpita mgeni mlangoni.

"Si uzijibu basi," mumewe Ambakisye alisema kutoka sebuleni. "Zina watu hizo."

"Kwani muda wote huu nafanya nini?" Moshi ulimwingia machoni. Akaigeukia redio. "Mmenichosha. Shukeni tu, nyote."

"Ahsante, mama," zikajibu kwa pamoja.

Taa ya redio ikazima, kama kawaida yake ikishapata jibu. Juu ya bati ngurumo mbili zikaanza kushuka, moja kutoka kila upande.